Wamaori na mkataba wao, sisi Pwani na wetu

Ile klipu ya haka, ngoma ya Wamaori ambao ndio wenyeji wa asili wa New Zealand, bungeni kwao, nadhani kila mtu ashaiona, mbunge Hana-Rawhiti Maipi-Clarke anachana mswada halafu anaanza haka, wenzake wanaitikia, mpaka spika akasimamisha kikao. Ni ya Novemba 2024 lakini juzi imerushwa tena grupu, wazee hapa Mkunguni wakaangalia kwa simu moja ya kioo kilichopasuka, vikombe vya kahawa mkononi, wakacheka weee. Mimi ngoma sikuijali sana, nilitaka kujua ile karatasi ilikuwa na nini.

Kumbe ni mswada wa David Seymour wa chama cha ACT, alitaka bunge liamue upya kanuni za Mkataba wa Waitangi zina maana gani, ule ambao machifu wa Kimaori walianza kutia saini na Waingereza 6 Februari 1840. Watu kama 42,000 walijaa nje ya bunge Wellington kuupinga, na 10 Aprili 2025 ukaangushwa kura 112 kwa 11. Na msidhani mkataba wenyewe uliheshimiwa siku zote, ardhi waliporwa vilevile! Ila 1975 likaundwa baraza la kusikiliza malalamiko, na toka 1985 Mmaori akaweza kudai hata ya 1840, mpaka madai mapya ya zamani yalipofungwa 2008. Serikali mara nyingi hailazimiki kufuata linachosema, lakini angalau pa kushtaki papo.

Sasa sisi. Hii maili kumi ya mwambao wa Kenya ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiiendesha toka 1895 na kumlipa kodi, halafu Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana kwamba Kenya itaichukua ila makadhi wabaki na hatimiliki za ardhi ziheshimiwe. Makadhi wapo, kifungu cha 170 cha katiba ya 2010, japo tulivyosemwa sisi Waislamu kwenye ile kura ya maoni ya kuipitisha Mungu ndiye ajuaye.

Kwenye ardhi ndio pabaya. Hatimiliki za nani? Za waliokuwa nazo bwana. Sheria ya 1908 ilishasema wenye madai waje waandikishe, isiyodaiwa ni ya serikali, na Mgiriama wa huko Malindi au Mbajuni wa visiwani nani alimwambia ende kwa ofisi gani? Kwa hivyo 1963 ikalindwa karatasi ya mwenye shamba, aliyelima miaka yote akabaki skwota, na mpaka leo yuko hapo hapo.

Ndio maana nikisikia mwanasiasa anatutajia mkataba huo wa Mwambao wa 1963 kwenye kampeni ati ndio haki yetu, naona anaruka jambo. Kule machifu zaidi ya 500 walitia saini wenyewe, huku waliosaini ni wakubwa wa Unguja, Nairobi na London, Mboni wa msituni hata salamu hakupewa. 2027 akija wa kuniimbia Mwambao nitamuuliza tu, skwota yumo ukurasa gani.