Sinema niliyoilalia mara ya kwanza

Mara ya kwanza kuitazama Don't Look Now nilisinzia kabla haijafika nusu. Mimi nimekulia kibanda umiza, banda la video la mtaani, sinema ina mtafsiri anayekupigia kelele kila kitu, na dakika kumi haziishi bila mtu kula ngumi. Hii ya mwaka 1973 haina haraka hiyo. John na mkewe Laura wamefiwa na binti yao aliyezama bwawani. Sasa wako Venice msimu wa baridi, mume anakarabati kanisa. Wanakula, wanatembea, wanapotea vichochoroni.

"Baba Zuhura, hii sinema au dawa ya usingizi?" mke wangu akauliza, akaenda zake kulala.

Kilichonirudisha ni picha moja ya mwanzoni iliyoning'ang'ania. (Kama hujaiona na hupendi kuhadithiwa, ishia hapa.) John anakagua slaidi, picha ndogo ya kumulikwa, ya ndani ya kanisa. Kwenye benchi ameketi mtu aliyejifunika kofia nyekundu. Maji yanamwagikia slaidi, ule wekundu unaanza kuvuja, unatambaa taratibu kama damu. John anainuka, anakimbilia nje, na hakuna aliyemwita. Huko nje mtoto mwenye koti jekundu la mvua ameshazama.

Basi mara ya pili nikaweka simu chumba kingine, nikavaa hedifoni, nikajipa kazi moja tu: kufuata rangi nyekundu. Mara ya tatu nikafuata maji na vioo. Mwongozaji, Nicolas Roeg, alianza kama mpiga picha, na kwa kweli anasimulia kwa macho kuliko kwa maneno. Baiskeli ya kaka mtu inapasua kioo huku mdogo wake anacheza bwawani, nami mara ya kwanza niliona baiskeli tu. Sehemu za polisi bado naona zinavutwa mno, sidanganyi.

Safari hiyo ya tatu mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni. Tukafika pale Laura amekwenda Uingereza, mtoto wao wa kiume ameumia shuleni, halafu John anamwona Laura palepale Venice, amesimama kwenye boti na kina mama wawili, mtu na dada yake, mmoja wao kipofu anayedai kumwona marehemu binti yao. John anamwita, hageuki. Mimi mara ya pili nilijua wamemteka.

"Mbona kavaa nguo za msiba?" mke wangu akauliza.

Nikanyamaza. Akaacha kukunja, akaketi. Tukatazama John akimfukuzia gizani mtu mwenye koti jekundu kama la binti yake, uso ukageuka, kisu kikatoka. Kisha boti ileile, Laura na nguo zilezile nyeusi, safari hii na jeneza.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale pa boti."