Kamba ya mita sitini

Sheria ndogo za msitu wa kijiji chetu, huku Kondoa, zilikataza kukata mti mbichi, kuchoma mkaa bila kibali na kuingiza mifugo msituni. Kuhusu kijito kinachotoka ndani ya msitu huohuo, hazikuwa na neno. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili. Miaka mitatu nilizisoma mkutanoni bila kuliona pengo hilo.

Nililiona kwenye ndoo. Asubuhi moja baada ya mvua, mama jirani aliniita: "Katibu, hebu njoo uone tunachokunywa." Maji yalikuwa mekundu. Tukayaacha yatulie mpaka adhuhuri, chini likabaki tope unene wa vidole viwili. Tukapanda kufuata kijito. Mikuyu ya ukingoni ilikuwa imekatwa, nyanya zimelimwa mpaka mdomoni mwa maji, na kila mvua ilishuka na udongo. Aliyelima hakuwa amevunja sheria yetu hata moja, maana pale ni nje ya mpaka wa msitu.

Tukaandika rasimu: mita 30 kila upande, asikate wala asilime mtu. Ikarudi kutoka wilayani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inataja mita 60, na sheria ndogo ya kijiji haiwezi kupunguza kilichowekwa na Bunge. Niliona aibu, kwa sababu hizo 30 tulizikadiria tu ili watu wasikasirike.

Na kweli walikasirika. Hapa kwetu neno hifadhi lina kidonda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vya Irangi kwa sababu ya makorongo. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Mwanangu, safari hii mnatuhamisha sisi au mbuzi?" Sikumjibu pale. Nilimwomba tutembee naye.

Tulikata kamba ya mita 60, tukaifunga fundo kila mita kumi, tukaenda na wenye mashamba wenyewe. Swali gumu likawa tunapima kutoka wapi, maana kiangazi kijito ni uzi, masika kinajaa bonde. Mzee yule ndiye aliyetuonyesha takataka zilizonasa kwenye vichaka, alama ya maji ya masika. Tukakubaliana kuanzia hapo, na tukapaka rangi mawe. Siku hiyo moja ilitusaidia kuliko mikutano yote minne.

Ndani ya ukanda huo hakuna kulima, kukata mti, kuchoma moto wala kujenga tanuru la mkaa. Mizinga ya nyuki inaruhusiwa, na majani yanakatwa kwa mkono kwa ajili ya ng'ombe wa zizini. Mifugo inapita njia moja tu kwenda kunywa. Waliokuwa na mazao waliachiwa wavune kwanza, na familia tatu zilizobaki bila shamba zilipewa eneo jingine la kijiji. Bila hilo la mwisho nisingethubutu kusimama mbele ya mkutano mkuu.

Pale mkutanoni aliyewageuza watu ni kijana anayetega samaki kwenye madimbwi. Alieleza kwamba perege dume huchimba shimo chini ya maji, jike hutaga humo na kuyabeba mayai mdomoni. Tope likifunika chini, hakuna pa kuchimba. Kivuli cha mkuyu kikiondoka, dimbwi linachemka mchana na samaki wanakosa hewa. Akina mama wanaonunua kambare wa Bahi walimsikiliza kwa makini, kwani maji yetu yanaingia Mto Bubu, na Bubu unaishia kwenye bwawa hilo hilo la Bahi. Mikono ikanyooshwa. Baraza la madiwani likapitisha baadaye.

Tatizo lililobaki ni kijiji cha juu yetu. Wao bado wanalima ukingoni, na udongo wao unatufikia. Tumewaandikia barua, mwenyekiti wao amekubali tukutane baada ya mavuno. Nitakwenda na kamba, na yule mzee amesema atakuja.