Nilivyozielewa siasa za dunia kwa kufuata njia za shaba

Ninafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, upande wa mizigo ya transiti. Mikononi mwangu zinapita nyaraka za makontena yanayopanda Zambia na Kongo, na za shaba inayoshuka kutoka huko kuja kupakiwa melini. Nilikuwa na kiu ya kuelewa kwa nini wakubwa wa dunia wanagombea bandari ndogo, na kwa nini mlango mwembamba wa bahari ukiingia vita bei zinapanda mpaka Kariakoo. Nilisoma nadharia za siasa za kijiografia, kuanzia mhadhara alioutoa Halford Mackinder London mwaka 1904 kuhusu kitovu cha Ulaya na Asia. Zina faida yake. Lakini nadharia hizo zinaitazama dunia kutoka juu sana, na mtu anayejisomea mwenyewe usiku baada ya kazi anahitaji mahali pa kukanyaga.

Basi nikachagua kipande kimoja cha ardhi: Ukanda wa Shaba wa Zambia pamoja na Katanga, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Swali langu likawa moja. Shaba hii inaifikiaje bahari, na nani anaamua ipite wapi? Mengine yote niliyafikia kwa kupitia swali hilo, na ndiyo njia ninayomshauri yeyote anayetaka kujifunza somo hili nje ya darasa.

Nilianza kwa kuchora. Ramani kubwa niliibandika ukutani, kisha nikaichora Zambia kwa mkono, tena na tena, mpaka nikaweza kuichora bila kutazama. Mkono unashika mambo ambayo jicho linayapita. Nilipochora ndipo nilipoona jinsi kipande cha Kongo kinavyochomoza na kukaribia kuikata Zambia sehemu mbili, kiasi kwamba mtu anayetaka njia fupi kutoka Mufulira kwenda Mansa anapita katika ardhi ya Kongo. Ndipo nilipoona pia ule ukanda mwembamba wa Namibia, Caprivi, ulionyooka kuelekea mashariki hadi kuufikia mto Zambezi.

Caprivi ilinishika kwa siku nyingi. Ukanda huo ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890. Wajerumani walitaka kuufikia Zambezi kutoka koloni lao la magharibi, wakapewa ukanda huo pamoja na kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Nao wakakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Lakini mbele kidogo ya ukanda huo Zambezi yenyewe inaporomoka Victoria Falls, hakuna meli inayopita. Kwa hiyo mkataba uleule uliowaamulia Wazanzibari mambo yao bila kuwauliza ndio uliochora mipaka ya watu wa Zambezi, nao bila kuulizwa. Leo Zambia na Botswana zinagusana mahali pafupi mno, takriban mita 150 za mto, pale Kazungula. Daraja lililofunguliwa hapo Mei 2021 lina urefu wa mita 923, na limepinda, kwa sababu lingenyooka lingeingia Zimbabwe. Tazama picha yake kutoka juu, utauona mkataba wa 1890 katika zege.

Hatua iliyonifaa kuliko zote ni kutochora ramani moja bali ramani ya kila mwaka muhimu. Nilitumia karatasi nyembamba za kunakilia: muhtasari wa nchi ni uleule, ila nikaweka rangi nyekundu pale njia ilipofungwa na kijani pale ilipofunguliwa.

Karatasi ya 1964, mwaka wa uhuru wa Zambia, inaonyesha karibu shaba yote ikielekea kusini: Livingstone, daraja la Victoria Falls la mwaka 1905, Bulawayo, kisha bandari za Msumbiji iliyokuwa ya Wareno. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo. Umeme wa migodi ulitoka Kariba, bwawa la pamoja, lakini mitambo ilikuwa ukingo wa kusini, upande wa Rhodesia. Rais Kaunda alikabidhiwa nchi ambayo swichi yake ilikuwa kwa jirani.

Karatasi ya 1965 inaanza Novemba 11, siku Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache. Hakuna mlima uliohama wala mto uliobadili mkondo, ila Zambia ikawa imezingirwa. Ina majirani wanane. Hesabu ukiwa na kalamu mkononi: Angola na Msumbiji kwa Wareno, Namibia mikononi mwa Afrika Kusini, Rhodesia kwa Smith, Bechuanaland, yaani Botswana ya leo, bado chini ya Waingereza, Malawi nayo haina bahari. Zilibaki Kongo iliyokuwa na misukosuko yake, na Tanzania. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa ndege, ndani ya mapipa, na kwa malori kupitia barabara ya vumbi ya kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam, likafika Ndola.

Habari ya reli ya TAZARA wengi tunaijua kwa juu juu, kwamba Wachina walitujengea. Kwa mwanafunzi wa somo hili, utamu uko kwenye kuuliza kila mmoja alikuwa anaona nini kutoka alipokaa. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi waliona mradi usiolipa, maana njia ya kusini ilikuwepo na ilikuwa rahisi zaidi. Nyerere na Kaunda waliona kwamba njia hiyo rahisi ilikuwa imeshikwa na watu waliotaka kuwatawala. China, iliyokuwa maskini na imekosana na Marekani na Urusi kwa wakati mmoja, iliona marafiki; ilipopata kiti chake Umoja wa Mataifa Oktoba 1971, kura za Afrika zilikuwa na uzito mkubwa. Ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa. Ukitazama hesabu za fedha peke yake, Benki ya Dunia ilikuwa na hoja. Ukiweka ramani ya 1965 mezani, hoja inakuwa nyingine kabisa.

Mwaka 1973 ndio ulionifundisha zaidi, na sijui kwa nini hausimuliwi sana. Januari Smith aliufunga mpaka na Zambia, lakini akaacha shaba ipite, kwa kuwa reli yake ilikuwa inakula kutokana na shaba hiyo. Kaunda akakataa kuipitisha. Mwezi uliofuata Smith akaufungua mpaka, Kaunda akasema kwake utabaki umefungwa. Shaba ikageuzwa kuelekea magharibi, kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Miaka miwili baadaye vita vya Angola vikaifunga reli hiyo pia. Oktoba 1978, nchi ikiwa imebanwa na mbolea za wakulima zimekwama, Kaunda akalazimika kuifungua tena njia ya kusini. Nilipozipanga karatasi hizo nne sakafuni kwa mfuatano, 1965, 1973, 1975 na 1978, niliona kitu ambacho sikukipata kwenye nadharia: mahali palimbana Kaunda, lakini ndani ya kubanwa huko bado alichagua, na gharama ya kila uchaguzi ililipwa na watu wake.

Nilizipeleka karatasi hizo Mbeya, kwa mzee mmoja jirani wa mjomba wangu, mstaafu wa reli. Baada ya shikamoo na chai nikazitandaza mezani. Alizipitia kimya, kisha akaweka kidole kaskazini mwa Zambia.

"Hapa hujaweka kitu, mwanangu. Chambeshi."

Akanieleza. Oktoba 1979, mazungumzo ya Lancaster House kuhusu uhuru wa Zimbabwe yakiwa yanaendelea London, makomando wa Rhodesia walililipua daraja la TAZARA la mto Chambeshi.

"Reli ndefu namna ile," akasema, "wakapiga mahali pamoja. Walijua pa kupiga."

Mbolea na mahindi yaliyokuwa yapite huko yalikwama, na Zambia ikazidi kuitegemea kusini katika wiki zilezile ambazo utawala wa Rhodesia ulihitaji Kaunda awe mpole. Tangu siku hiyo kila ninapoichunguza njia yoyote, ya reli, bomba au bahari, natafuta Chambeshi yake kwanza. Mfereji wa Suez unayo. Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, ni Chambeshi ya nusu ya dunia. Tangu mwisho wa 2023 tumeona meli zikizunguka Afrika Kusini kuikwepa.

Mzee huyo ndiye pia aliyenipeleka kwenye suala la upana wa reli. Reli ya Kati ya zamani, ile ya kwenda Kigoma, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, sawa na za Zambia, Katanga, Zimbabwe na Afrika Kusini. Niliipima tofauti hiyo kwa rula mezani: milimita 67, karibu upana wa vidole vinne. Kwa sababu ya vidole hivyo vinne, behewa la Kigoma haliingii TAZARA, na pale Kidatu reli mbili zinapokutana mzigo lazima uhamishwe. Sasa tuna pia reli ya SGR yenye milimita 1,435, kwa hiyo Dar es Salaam ni mji wenye reli za aina tatu zisizoweza kubadilishana mabehewa. Reli iliyojengwa ili kuikwepa kusini ilijengwa kwa kipimo cha kusini, kwa kuwa ilibidi iungane na reli ambazo Zambia ilirithi. Upande wa pili wa jambo hilo unapendeza: mwaka 2019 treni ya watalii iliondoka Dar es Salaam na kufika Lobito, kutoka bahari hadi bahari, kwa upana uleule.

Lobito yenyewe imerudi kwenye habari, na hapa masomo yangu yalikutana na kazi yangu. Mwaka 2023 Angola iliwakabidhi wawekezaji wa Ulaya uendeshaji wa reli hiyo kwa miaka 30, Marekani ikaiunga mkono, na Desemba 2024 Rais Biden akaitembelea bandari ya Lobito. Septemba 2024, kule Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Wachambuzi wengi wanasimulia habari hii kama mashindano ya Washington na Beijing, basi. Naona wanawaruka wenye mali. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na shaba yake inatakiwa kwa nyaya na betri kila mahali. Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, uko karibu zaidi na Lobito kuliko na Dar es Salaam, hilo halina ubishi. Lakini Lobito inaitazama Atlantiki, na sehemu kubwa ya kobalti husafishwa China, ambako meli ya kutoka Dar es Salaam inafika kwa kukata Bahari ya Hindi moja kwa moja. Kwa Kongo na Zambia, kuwa na milango miwili inayogombewa ni nguvu ambayo Kaunda hakuwa nayo. Kwetu bandarini maana yake ni kwamba mzigo hautakuja tena kwa kukosa pa kwenda. Foleni ya Tunduma, muda wa kontena kukaa bandarini, tozo za njiani, vyote hivyo sasa vinapimwa dhidi ya Lobito, Durban, Beira na Walvis Bay.

Kwa anayetaka kuanza, chagua bidhaa au mpaka unaougusa kwa namna fulani, hata kama ni samaki wa ziwani au dizeli ya gari lako. Tafuta miaka ambayo njia zake zilifungwa, maana njia ikiwa wazi haikuonyeshi nani anaishika. Zungumza na waliofanya kazi njiani humo wakiwa bado hai.

Mimi sasa nimebandika ramani nyingine, ya Ethiopia, iliyobaki bila pwani tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, na ambayo Januari 2024 iliwatikisa majirani wote kwa makubaliano yake na Somaliland kuhusu bahari. Karatasi ya kwanza ni ya 1993 na ya pili ni ya 1998, vita ya mpakani ilipoifungia njia ya bandari ya Assab. Rangi ya kijani imebaki Djibouti peke yake.