Injini ya 1JZ, kadi ya 1G

Ujumbe ninaoupata sana WhatsApp ni huu: "Dada, nimeweka turbo. Nitoe taarifa bima au nikaushe?" Anayeuliza huwa ameshaamua kukausha, anatafuta tu mtu wa kumpa baraka. Mimi ni wakala wa bima hapa Dar, wateja wangu wengi ni vijana wa Mark II, Altezza na Forester, na kaka yangu ni fundi Ilala. Kwa hiyo magari yenye kelele nayajua kwa pande zote mbili, ofisini na gereji. Baraka sitoi. Ila sababu ninayowapa siyo ile wanayoitegemea.

Wanategemea niwaambie ada itapanda mara tatu. Hiyo wameitoa YouTube, kwa vijana wa Uingereza. Kule kampuni inakupima kwa umri wako, mtaa unaolaza gari, aina ya gari na nguvu zake, na kijana wa miaka 19 akibadilisha hata eksozi lazima aseme. Kwetu, bima kubwa ya gari binafsi, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, inapigwa kwa thamani ya gari. Asilimia 3.5, juu yake VAT asilimia 18. Nguvu za farasi hazimo kwenye hesabu hiyo.

Tuchukue Mark II Grande, GX110, iliyothaminiwa shilingi milioni 14. Asilimia 3.5 ni 490,000, na VAT inakuwa 578,200. Sasa mwenye gari amemwaga milioni 6 kwenye injini nyingine, thamani imepanda hadi milioni 20. Ada ni 826,000. Tofauti ni 247,800 kwa mwaka mzima. Mtu aliyelipa milioni 6 kwa injini ya mtumba, tena bila kuomba risiti, ndiye huyo anayeikimbia laki mbili na nusu.

Kweli, kampuni inaweza kuongeza kidogo kwa sababu ya hatari, inaweza kukupa sharti, na zipo zitakazokataa kabisa. Lakini ikikukataa leo, bado gari lako zima liko nyumbani na unaweza kwenda kwingine. Ikikukataa siku gari liko mtaroni, huna pa kwenda.

Nimetaja Mark II makusudi. GX110 ilitoka Japani na injini ya 1G-FE, lita 2, nguvu za farasi 160. Gari la heshima, la kupelekea wazazi harusini. Ndugu yake wa tumbo moja ni JZX110, bodi ileile, na kwenye toleo la iR-V kulikuwa na 1JZ-GTE yenye turbo, farasi 280. Kwa kuwa bodi ni moja, 1JZ inaingia kwenye GX110 bila kukata chuma kingi. Ukiwa nje huoni kitu. Ndiyo maana vijana wanaipenda, na ndiyo maana mtu wa bima aliyekuja kupiga picha gari pande nne hataijua. Rimu za inchi 19, spoila, stika za kioo, hivyo vyote atavinukuu, na ndivyo vyenye hatari ndogo. Farasi 120 walioongezeka, huku breki zikiwa zilezile za 1G, hawaonekani kwenye picha yoyote.

Wanaonekana siku boneti inapofunguliwa. Mteja wangu mmoja aliteleza Barabara ya Bagamoyo mvua ikinyesha, akaigonga bajaji kwa ubavuni kisha akaingia mtaroni. Gari likavutwa hadi yadi. Asesa, yaani mkaguzi wa uharibifu, aliyetumwa na kampuni alikuwa mzee mtaratibu, shati limechomekewa, mkononi kitambaa cha kufutia miwani. Hakuuliza habari ya ajali. Alifungua boneti, akawasha tochi ya simu, akafuta mafuta kwenye bloku kwa kitambaa kilekile cha miwani mpaka namba iliyogongwa ikasomeka. Akaipiga picha. Akaweka kadi ya gari, yenye namba ya injini ya zamani, juu ya betri, akapiga tena, namba mbili kwenye picha moja. Kisha akavuta kwa kidole mpira wa petroli uliopita karibu na turbo. Ulikuwa umefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Akapiga na huo. Ndipo akamgeukia kijana: "Mwanangu, gari hili lina mimba ambayo kadi haiijui."

Barua ya kampuni ilikuja: haitalipa uharibifu wa gari, kwa kuwa injini ilibadilishwa bila taarifa. Kijana alikuja ofisini akiwa anatetemeka kwa hasira. "Dada, niliteleza kwenye maji! Hata 1G ingeteleza." Inawezekana kabisa. Lakini bima inasimama juu ya nia njema kabisa, na swali lake haliishii kwenye kilicholeta ajali. Inauliza: je, kampuni ingelijua jambo hili mapema, ingekubali kwa masharti yaleyale? Kama jibu ni hapana, inaweza kuukana mkataba, hata kama ajali yenyewe ingempata yeyote. Nadhani ni kanuni kali mno, na nilimwandikia meneja wa madai nikasema hivyo. Akanijibu kwa kunukuu sentensi moja ya fomu, ile ya kutoa taarifa ya badiliko lolote kwenye gari, na sahihi ya kijana iko chini yake.

Uingereza, ambako ndiko video zinatoka, sheria ya mwaka 2012 imeilegeza kanuni hii kwa wateja wa kawaida: ukikosea kwa uzembe tu bila hila, na kampuni ingekukubali kwa ada kubwa zaidi, hukupunguzia fidia kulingana na ada uliyopaswa kulipa badala ya kukunyima yote. Kijana wa huku anaiangalia video ile anadhani naye atapunguziwa. Usiweke gari lako juu ya sheria ya nchi nyingine.

Abiria wa bajaji aliyevunjika mkono alilipwa. Hapo ndipo wengi wanachanganya. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, ipo kwa ajili ya yule aliyeumizwa, na sheria inamlinda kuliko inavyomlinda mwenye gari. Ila kampuni ikishamlipa inaweza kumgeukia mteja wake irudishiwe. Kwa hiyo "aliyeumia kalipwa" isikufanye ulale usingizi. Gari la kijana liliuzwa kama vipuri, na ile 1JZ sasa iko ndani ya Mark II nyingine, ambayo mwenyewe bado hajanitumia ujumbe.

Kuna na malalamiko ya upande wa pili, ya waliotoa taarifa na bado wakaona wameonewa. Turbo imepasuka njiani Chalinze, wanataka kulipwa. Hapana. Turbo kupasuka, gia boksi kusaga, gasketi kuungua, hayo ni uharibifu wa kimashine, na mkataba wa bima kubwa unayaacha nje hata kwa gari ambalo halijaguswa. Kadhalika mbio. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipiwa: mashindano ya kasi na majaribio ya mwendo yamo, na hakuna anayesema lazima yawe na jukwaa na bendera. Wawili mkipimana alfajiri ya Jumapili na mmoja akarekodi, ile video ni ushahidi, na mmeiposti wenyewe.

Na kontrol boksi, ile kompyuta ya injini? Ukiichezea programu, hakuna namba inayobadilika kwenye kadi, kwa hiyo vijana wanasema hakuna wa kujua. Kaka yangu anacheka. Anasema gari lililoongezwa presha ya turbo linajitangaza lenyewe: plagi, pampu ya petroli iliyobadilishwa, geji iliyobandikwa pembeni ya dashibodi. Asesa wengi wamepitia gereji kabla ya kuvaa tai.

Nikae kidogo kwenye gesi pia, maana nayo ni badiliko ingawa farasi hawaongezeki, wanapungua kidogo. Watu wanafunga mitungi ya CNG, gesi asilia ya kuendeshea gari, kwa wingi, wengine pale chuo cha teknolojia cha DIT na cheti wanapewa, wengine uchochoroni. Hakuna anayekumbuka kuiambia bima. Mtungi wenye presha nyuma ya kiti cha watoto ni jambo ambalo kampuni yoyote ingependa kulijua. Tuma picha ya cheti, ongeza gharama ya mfumo kwenye thamani, vinginevyo gari likiungua utalipwa kama vile mtungi haukuwepo, na hapo ni iwapo utalipwa kabisa.

Ukiwa unataka kufanya kwa njia nyoofu, anza na kadi. Injini mpya lazima iwe na karatasi za ilikotoka, gari likaguliwe na polisi, kisha TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe namba ya injini kwenye kadi. Halafu thamani ipimwe na mthamini anayejua kwamba 1JZ si 1G. Halafu barua pepe, siyo simu, kwangu na kwa kampuni, ikitaja kila kilichobadilishwa: injini, turbo, breki, springi zilizokatwa. Omba jibu la maandishi. Kampuni ikikuonea kwenye madai baada ya hapo, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukiwa na jibu lile mkononi kesi yako ina miguu.

Mwenye Altezza mmoja alifanya hivyo mwaka huu. Kampuni ya kwanza ilikataa. Ya pili ilimkubali kwa sharti la kubadilisha diski na pedi za mbele na kuleta risiti. Alilalamika wiki nzima, akabadilisha, akaleta risiti imelowa oili.