Kwa Nini Bado Ninamrudia Kiki

Wiki inaponichosha kiasi cha kutotamani hata kupokea simu, filamu ninayoifungua ni Kiki's Delivery Service, katuni ya Kijapani iliyoongozwa na Hayao Miyazaki na kutolewa na Studio Ghibli mwaka 1989. Ninajua kila kitakachotokea ndani yake, na pengine ndiyo sababu inanituliza, ingawa sidhani kwamba mazoea peke yake yanatosha kuyaeleza mapenzi yangu kwa hadithi ya binti anayepeleka vifurushi kwa ufagio.

Hadithi yenyewe ilitokana na kitabu cha watoto cha Eiko Kadono kilichochapishwa mwaka 1985. Kiki ana umri wa miaka 13, na kwa desturi ya ukoo wa mama yake, msichana mchawi akifika umri huo hana budi kuondoka nyumbani na kuishi mwaka mzima katika mji usio na mchawi mwingine. Anaondoka usiku wa mbalamwezi akiwa na paka wake mweusi, Jiji, redio ya baba yake na ufagio wa mama yake. Ninafahamu kwamba kwetu neno mchawi halitajwi kwa tabasamu, na kwamba shangazi zangu, waliolelewa kwa masimulizi ya watu wanaosafiri usiku kwa ungo, hawakuelewa hata kidogo kwa nini niliwaita waje kutazama. Uchawi wa Kiki, hata hivyo, ni kipaji tu cha kurithi, na yeye anautafutia riziki halali: anapewa chumba cha darini, kilichojaa vumbi la unga, na Osono, mama mjamzito mwenye duka la mikate, kisha anaanzisha kazi ya kupeleka mizigo mjini.

Mji huo, Koriko, haumo katika ramani yoyote. Wachoraji waliutunga baada ya kuitembelea Sweden, wakachukua sura ya Stockholm na ya mji mkongwe wa Visby, wakaongeza bahari na mnara wa saa. Hakuna adui mjini humo. Yupo askari wa barabarani mwenye makaripio na ipo hoteli isiyompokea mtoto asiye na mzazi, lakini hakuna anayekusudia kumdhuru Kiki, na kwa mtu aliyeshinda siku nzima akibishana na watu, saa moja na dakika arobaini za kukaa mahali pa namna hiyo ni pumziko la kweli.

Haimaanishi kwamba Kiki haumii. Bibi kizee mmoja anataka kumpelekea mjukuu wake pai ya samaki kwa ajili ya sherehe, lakini jiko lake la umeme limeharibika. Kiki, ambaye amealikwa kwingine jioni hiyo na angeweza kupokea malipo yake na kuondoka, anajitolea kuliwasha tanuri la zamani la kuni, anasubiri pai iive, kisha anaruka nayo katikati ya mvua kubwa, akiikinga yeye mwenyewe akilowa chepechepe. Mjukuu anafungua mlango akiwa amevaa nguo nzuri ya sherehe, anaitazama pai, analalamika kwamba hazipendi pai za bibi yake, anaipokea na kuufunga mlango. Hakuna anayetukanwa wala kupigwa. Kiki anabaki kibarazani, na mwaliko wake umekwisha kumpita. Anarudi, anajitupa kitandani, na kesho yake ana homa. Osono anampandishia uji wa maziwa.

Baada ya hapo Kiki anapoteza uwezo wa kuruka, na Jiji, aliyekuwa akizungumza naye tangu mwanzo, anabaki kulia kama paka yeyote. Filamu nyingi zingemtafutia hapa dawa, au adui aliyemroga. Miyazaki anampeleka porini, kwenye kibanda cha Ursula, msichana mchoraji, ambaye anamweleza kwamba naye aliwahi kushindwa kabisa kuchora, na kwamba mtu akishajaribu na kujaribu bila mafanikio, aache, atembee, atazame mandhari, alale mchana, asifanye lolote. Sijawahi kusikia bosi yeyote akizungumza hivyo. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuna anayemlaumu Kiki kwa kuchoka, wala kumdai maelezo.

Tukio la mwisho, la kumwokoa rafiki yake Tombo anayening'inia kwenye chombo kikubwa cha angani, linasisimua, lakini kwangu ndilo sehemu dhaifu ya filamu, kana kwamba mtu aliona haifai watazamaji warudi nyumbani bila kishindo. Hata hivyo ninafurahi kwamba Kiki anaruka kwa brashi ya kusugulia aliyoiazima kwa mfagiaji wa barabara, chombo kinachokataa kutii na kumyumbisha hewani.

Jambo moja ninalishikilia kwa ukaidi. Katika filamu ya asili ya Kijapani, Kiki anarudi kuruka lakini Jiji hasemi tena. Anamrukia begani na kulia nyau, basi. Katika tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa na Disney mwaka 1998 aliongezewa maneno mwishoni, ili ionekane kwamba mambo yote yamerudi kama zamani. Mpwa wangu anaipenda hiyo ya pili na anasema mimi sina huruma. Ninamjibu kwamba Jiji sasa ana mke na watoto, kwamba Kiki ana marafiki wa kuzungumza nao, na kwamba barua anayowaandikia wazazi wake inakiri kuwa huzuni bado humjia mara kwa mara, ingawa anaupenda mji huo. Hajakubali, na rimoti ikiwa mkononi mwake tunatazama ya Kiingereza.