Mkaa wa mifupa na maji ya kunywa ya nyumbani kwangu

Huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Usa River, watoto wengi huota meno ya ukubwani yakiwa na madoa ya kahawia. Wanasemwa hawapigi mswaki, jambo linaloniuma kwa sababu si kweli. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huku vinavuka hapo kwa mbali, na mtu akinywa maji ya namna hiyo miaka nenda rudi, hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floraidi inabaki palepale.

Kifungua mimba wangu alipoota meno yenye madoa, niliazimia mdogo wake asinywe maji yaleyale. Fundi mmoja aliyejifunza kazi hii katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto ndiye aliyenielekeza kwenye mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa, ambayo hunasa floraidi maji yanapopita.

Mifupa haikunisumbua kupata. Bucha wanaitupa, na mama ntilie wanaouza supu walinijazia ndoo kila jioni. Niliichemsha, nikakwangua mafuta na nyama, nikaianika hadi ikakauka kabisa. Bibi jirani yangu, Mwislamu, alikuja akauliza kwa upole, "Mwanangu, humo hamna ya nguruwe?" Nikamjibu, "Hamna, bibi, ni ya ng'ombe tu, na bucha ninazochukua unazijua." Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukitaka majirani wanywe, chambua mifupa mbele ya macho yao.

Kazi yenyewe iko kwenye tanuri. Tulipanga mifupa na mkaa wa kawaida kwa matabaka, tukaziba na kuacha upenyo mdogo wa hewa. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Ukivunja kipande kilichoiva, ndani ni kijivu na hakina harufu. Kikiwa cheusi na kinanuka mafuta, maji yatatoka ya njano yenye ladha ya nyama, na hakuna mtoto atakayeyagusa. Kikiwa cheupe kama chokaa, moto umezidi, na uwezo wake wa kunasa floraidi umepungua. Baada ya hapo tulitwanga, tukachekecha, vumbi tukalitupa, chenga tukaziosha hadi maji yakatoka meupe.

Chenga hizo nimezijaza kwenye ndoo yenye koki, na maji yanapita polepole. Floraidi inashika kwenye madini ya mfupa, yaleyale yanayoivutia kwenye meno yetu. Nilipeleka sampuli maabara, yaliyochujwa na yasiyochujwa, na yaliyochujwa yalikuwa chini ya 1.5. Nililia pale pale kaunta.

Mkaa huu hauui vijidudu, kwa hiyo maji ya kunywa bado nayachemsha baada ya kuyachuja. Nao huchoka. Floraidi haina ladha wala rangi ya kukuonya, kwa hiyo napima tena kila baada ya miezi michache na kubadilisha chenga kipimo kinapoanza kupanda. Ya kupikia pia nayachuja, kwa kuwa uji na makande hunywa maji mengi, na magadi nimeyaacha kabisa, maana nayo yana floraidi.