Kijana Anayebadili Mawazo Hajapotea

Mwalimu akiuliza darasani, "Unataka kuwa nani?", anayejibu haraka hupigiwa makofi. Anayesema "bado sijui" huonekana ana walakini. Mara nyingi tunawapima vijana hawa kinyume.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia, akiendeleza kazi ya mwenzake Erik Erikson kuhusu namna kijana anavyojitambua, alipendekeza tutazame mambo mawili: kijana amechunguza njia mbalimbali? Na je, ameshika msimamo? Hapo hupatikana hali nne. Yupo aliyechunguza akaamua. Yupo anayeendelea kuchunguza. Yupo aliyeamua bila kuchunguza, yaani amebeba jibu la wazazi wake likiwa zima. Na yupo ambaye hachunguzi wala haamui.

Kosa letu kubwa ni kumchanganya wa pili na wa nne, kwa kuwa wote husema "sijui". Muulize, "Mwezi huu umejaribu nini?" Wa pili atakutajia mambo matatu, ajipinge mwenyewe katikati ya sentensi, arudi nyuma, aanze upya. Wa nne atapandisha mabega na kusema "chochote tu". Wa pili anahitaji muda na mtu mzima wa kujadiliana naye bila kumharakisha. Wa nne hana cha kujadili bado; anahitaji kuonja kitu kwanza.

Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa alikuta walimu wakingoja jibu kwa takriban sekunde 1 tu; waliposubiri 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na wasiojibu wakapungua. Kwa swali linalomhusu mtu mwenyewe, mimi napendekeza uhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Kimya hicho kinatesa, lakini kinamtesa mwalimu zaidi kuliko kijana.

Wa tatu ni wa kushikwa kwa uangalifu. Usibomoe chaguo la wazazi wake, maana ukilibomoa utamgombanisha na nyumbani na hutakuwa umempa kitu badala yake. Muulize: "Kazi hiyo ukiikosa, ni kitu gani ndani yake ungekitafuta kwingine?" Akitaja shughuli zenyewe, chaguo limeanza kuwa lake. Akitaja watu watakaofurahi tu, bado ni lao.

Baada ya mazungumzo, mpe kijana jaribio: wiki 4, saa 2 kwa wiki, kazi moja ambayo asipoifanya itaonekana haikufanyika. Kupanga viti hakutoshi. Atunze daftari la mahudhurio ya klabu, afundishe wadogo somo moja, asimamie matumizi ya fedha kidogo za kikundi. Mtafiti Roger Hart, katika ngazi yake ya vidato 8 ya mwaka 1992 inayopima ushiriki wa watoto na vijana, aliweka vidato 3 vya chini nje kabisa ya ushiriki: kutumiwa, kuwa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Kijana aliyevalishwa fulana na kushikishwa bango yuko huko chini, hata kama picha imependeza.

Mipaka itajwe kabla ya kuanza: "Haya mnaamua ninyi, usalama na muda wa kufunga ni wangu." Majaribio mengi hufia wiki ya pili. Kazi inayumba, mwalimu anaingia "kusaidia", na kikundi kizima kinaelewa kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kuazimwa tu. Ingilia pale tu panapokuwa na hatari kwa mtu, au hasara isiyorudishika. Ratiba ikivurugika, iache ivurugike, kisha waulize watairekebishaje.

Mwishoni kijana aandike nusu ukurasa: nilifanya nini, wapi muda ulipita bila kujua, wapi nilitazama saa. Usisahihishe tahajia. Akiandika "sikuipenda hii kazi, ila nilipenda kuwaeleza watu", zungushia duara maneno "kuwaeleza watu", na jaribio la pili lianzie hapo.